Bafu la Nyumba Namba Sita

Katika nchi yetu, ambayo jina lake nimeelekezwa nisilitaje mpaka kamati ya majina imalize kikao chake kilichoanza mwaka juzi, hakuna mtu anayekufa kwa kukosa hewa. Takwimu zipo. Mimi naitwa Hemedi, ni mjumbe wa nyumba kumi katika mtaa wa Kwa Mawe, na kila mwisho wa mwezi najaza fomu kwamba katika nyumba zangu kumi watu wote wanapumua. Nayasema haya mapema kwa sababu kuna watu mtaani wanaodai nilikaribia kuua mtu. Waongo hao. Nilitekeleza agizo. Nisikilizeni kwanza, halafu mseme mtakalo.

Mambo yalianza pale Mheshimiwa Waziri wa Makazi alipokwenda ziara ya nje akaoga hotelini. Alipomaliza kuoga aligeuka kujitazama kwenye kioo, akakuta kioo kikavu. Hakina hata tone la mvuke. Wenyeji wakamwonyesha feni ndogo ukutani, inayovuta mvuke na kuutupa nje. Inasemekana alisimama pale na taulo lake nusu saa nzima, ameguswa. Aliporudi alihutubia taifa palepale uwanja wa ndege, mizigo yake haijashushwa.

"Ndugu wananchi," alisema, "taifa lisiloweza kuongoza mvuke wa bafuni kwake litaongoza nini? Tangu tujitawale, hewa imekuwa ikiingia na kutoka majumbani mwetu kiholela, kupitia matundu ambayo hakuna mamlaka inayoyajua. Enzi hiyo imekwisha."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka moto, maana wajumbe tulikuwa tumekalishwa safu ya mbele.

Wasiojua wajue: zamani mafundi wetu walijenga bafu na matofali ya matundu. Juu kabisa, karibu na dari, wanapanga matofali matatu manne yaliyotobolewa. Mvuke unatoka wenyewe, hewa inaingia yenyewe, na hakuna anayejaza fomu. Hiyo ndiyo Waziri aliita hewa holela. Sheria mpya ikasema matundu yote yazibwe kabla ya Ijumaa, kila bafu liwe na tundu moja la mviringo lenye feni, na feni ikaguliwe na serikali. Nyumba ambayo feni yake itashindwa mara tatu itatangazwa kuwa haina hewa, na wakazi wake watahamishiwa Kambi ya Hewa Safi, kule uwanda wa chumvi, ambako hewa ni tele kwa sababu hakuna kuta.

Kwa kuziba, nilipewa ndoo moja ya saruji. Nyumba kumi, ndoo moja. Nikaongeza mchanga, tena mchanga wa kutosha, na sioni haya kusema hivyo. Niliziba bafu zote kumi kwa siku mbili, peke yangu, mgongo ukaniuma wiki nzima. Hakuna aliyeniambia hata ahsante.

*

Nyumba namba sita ni ya Bi. Kidawa. Ana miaka sabini na kitu, ana pumu tangu utotoni, na ana magoti ambayo asubuhi hayakunjuki mpaka yamwagiwe maji ya moto. Anaishi na bintiye Zamzam, anayeshona sare za shule. Siku ya kuziba, Bi. Kidawa alivuta kigoda akakaa mlangoni mwa bafu ananitazama.

"Hemedi," aliniambia, "mama yako alipolazwa, mimi ndiye niliyekuogesha. Humu humu. Leo unaniziba pumzi?"

"Naziba matundu, Bi. Kidawa. Pumzi ipo palepale."

Nililainisha lipu kwa mwiko, nikaondoka.

Baada ya wiki tatu ukuta wa bafu lile ulianza kutoa madoa meusi. Kuvu lilipanda kutoka pembeni likaelekea dari, na kikohozi cha Bi. Kidawa kikaanza kusikika mpaka nyumba namba nane. Zamzam alinifuata akaniuliza kama mama yake anaweza kuogea uani, nyuma ya khanga. Nilimwonyesha kifungu: kuoga nje ya bafu lililosajiliwa ni kutoa mvuke bila kibali. Alikisoma mara mbili, akanirudishia kitabu.

"Basi feni ifungwe haraka, Mjumbe," alisema. "Mama hawezi kufika uwanda wa chumvi. Vumbi lile litammaliza njiani."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, serikali haina haja ya kumhamisha mtu ambaye feni yake inafanya kazi. Niliamini hivyo. Naomba hilo liandikwe.

*

Akaitwa fundi Njechele, mtu mrefu, mpole, anayepima chumba kwa hatua za miguu. Alipima, akatazama dari, akapiga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Bafu dogo hili," alisema. "Feni ya inchi sita inatosha. Bomba liwe fupi, linyooke, litoke nje moja kwa moja. Ukiumwaga mvuke darini, mbao zitaoza. Na chini ya mlango tuache upenyo wa vidole viwili."

"Upenyo wa nini?" nikauliza.

"Feni haitengenezi hewa, Mjumbe. Inatoa ya ndani. Ya nje isipoingia, itavuta nini?"

Nilimsomea Kanuni ya Kumi na Nne: mlango wa bafu uwe na mpira chini, usiopitisha hewa, sauti wala maoni. Njechele aliusikiliza ule mstari hadi mwisho, akakuna shingo.

"Basi ni sawa na kufunga feni ndani ya sanduku," alisema, na akaenda kutafuta mpira. Nikayaandika maneno yake kwenye daftari. Sikuyapenda.

Ukaguzi wa kwanza alikuja Bwana Kahimba, Mkaguzi wa Hewa ya Ndani, Daraja la Pili, mwenye miwani minene na kalamu tatu mfukoni. Njechele aliwasha feni, akachana kipande cha karatasi ya chooni, akakisogeza kwenye wavu wa feni, akakiachia. Kikaganda palepale. Ndivyo mafundi wanavyopima, karatasi ikiganda ujue feni inavuta.

"Karatasi hii ina namba ya kumbukumbu?" akauliza Bwana Kahimba.

"Ni karatasi ya chooni, mkubwa."

"Ndiyo maana nauliza." Akatabasamu kwa huruma. "Serikali haitoi uamuzi juu ya karatasi isiyo na namba. Matokeo hayatenganishwi na kumbukumbu zake. Kinachotakiwa kuganda pale ni fomu yenyewe."

Fomu hiyo ya ukaguzi, HB 7, ni ngumu kama kifuniko cha boksi, na ina lakiri mbili za nta na utepe. Ilipoachiwa ilidondoka ndani ya ndoo. Bwana Kahimba aliiokota, akaikung'uta maji, akaandika juu yake kwamba imeshindwa. Halafu akaibana pamoja na taarifa ya kushindwa kwake, kurasa sita. Ni lazima, maana ukaguzi wa pili hufanywa kwa jalada lote.

Mnaona utaratibu ulivyo? Feni ikishindwa, taarifa inaongezeka. Taarifa ikiongezeka, jalada linakuwa zito. Jalada likiwa zito, feni inatakiwa kuwa na nguvu zaidi. Bwana Kahimba alinieleza kwamba hivi ndivyo taifa linavyopiga hatua.

*

Kwa ukaguzi wa pili Njechele alifunga feni ya inchi kumi. Ilikuwa inanguruma mpaka vikombe vinatikisika jikoni. Na mimi sikukaa bure. Niliona vyema niwasaidie hawa watu, nikaandika barua ya mjumbe ya kuwaunga mkono: tabia za wakazi, historia ya ukuta, utiifu wao siku ya kuziba. Kurasa tatu, mwandiko wangu mzuri kabisa, muhuri kila ukurasa. Nikamkabidhi Bwana Kahimba, naye akaitia jaladani.

Jalada likawekwa kwenye wavu. Likaganda. Zamzam akaziba mdomo kwa mkono. Nikahesabu moyoni moja, mbili, tatu, nne, na ndipo likaanza kuteleza kwa chini, taratibu, likaanguka.

Bwana Kahimba alilipima kwenye kimizani chake cha mfukoni, akapiga mahesabu.

"Inasikitisha," alisema. "Lingepungua kurasa tatu tu, lingekaa."

Zamzam peke yake ndiye aliyenitazama. Niliona aibu, na sina sababu ya kuficha.

Wiki ile Bi. Kidawa alipelekwa zahanati akiwa hawezi kumaliza sentensi. Nesi akampa dawa ya kupulizia, akasema kwa ukali, "Mtoeni kwenye mvuke huo." Nilimuuliza kama anaweza kutuandikia hivyo kwenye fomu yenye namba. Alinifungia dirisha usoni.

Ikabaki mara moja. Lori la Kambi ya Hewa Safi lilikuwa tayari limeanza kuegeshwa mwisho wa mtaa, ili kurahisisha usafiri. Wale wa nyumba namba mbili walikuwa wamekwishapanda, na godoro lao. Na kanuni za ukaguzi wa tatu ni nzito kuliko zote: mlango ufungwe kwa ufunguo, mtumiaji halisi wa bafu awemo, maji ya moto yawemo, na jalada ligande dakika kumi kamili. Mlango ukifunguliwa kabla ya dakika kumi, nyumba imeshindwa.

Zamzam hakulia wala hakunisema. Alikwenda kwa mwenye mashine ya kusaga nafaka iliyoacha kufanya kazi, akabadilishana cherehani yake na feni ya kupuliza pumba. Walikuja nayo kwenye mkokoteni. Njechele alilazimika kupanua tundu, na alipoijaribu mara ya kwanza, ilivuta khanga ya Zamzam kutoka kwenye kamba na kuibandika kwenye wavu.

"Hii itashika hata Biblia na Kurani kwa pamoja," alisema Njechele. Kisha akamgeukia Bwana Kahimba, aliyekuwa anavua viatu mlangoni. "Lakini mkubwa, nauliza tu. Jalada likiganda pale, limefunika wavu wote. Hewa itapita wapi?"

"Hilo si swali la ukaguzi," alijibu Bwana Kahimba.

*

Tuliingia watatu. Bwana Kahimba alisimama karibu na feni, saa ya mkono ameishika mbele ya miwani. Bi. Kidawa aliketi kwenye kigoda, amevaa gauni lake la kutokea, beseni la maji yanayofuka mbele yake. Mimi shahidi nikasimama kwenye ukuta wa pili, ule niliouziba. Zamzam alitaka kumpa mama yake ile dawa ya kupulizia, akakatazwa kwa sababu haimo kwenye orodha ya vifaa vya kuogea. Nikafunga mlango kwa ufunguo wangu wa mjumbe. Mpira ukabana chini.

Feni ikawashwa. Jalada lilikuwa na kurasa thelathini na nane, kamba na kibanio cha chuma. Bwana Kahimba alilisogeza tu, likamtoka mkononi, likajibandika kwenye wavu kwa kishindo. Lilikaa sawasawa. Halikuacha nafasi hata ya kupitisha sindano.

"Muda unaanza," alisema.

Dakika ya kwanza nilifurahi. Ya pili, nikaanza kutokwa jasho. Mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye beseni na hauna pa kwenda, maana tundu la kutokea lilikuwa limezibwa na ushahidi kwamba liko wazi. Kioo cha bafuni kikapotea kwa mvuke. Kuvu ukutani likaanza kumeremeta. Kifua cha Bi. Kidawa kikaanza kulia, ile filimbi nyembamba ambayo kila mtu wa nyumba zangu kumi anaijua.

"Mama?" Zamzam akaita kutoka nje.

"Nipo," alisema Bi. Kidawa.

Dakika ya nne. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka, na baina ya pumzi na pumzi kulikuwa na kitambo. Nilishika ufunguo. Nikamwangalia, naye akanitikisia kichwa: usifungue. Alijua kuna lori. Niliogopa, jamani. Nimewahi kusimama mbele ya Mkuu wa Wilaya bila daftari, lakini sijawahi kuogopa vile.

"Mkubwa," nikasema, "mtumiaji halisi anapata shida."

"Mtumiaji halisi haongei," alisema Bwana Kahimba, macho kwenye saa. "Akiwa na malalamiko, kuna fomu."

Dakika ya tano. "Mama?"

Safari hii Bi. Kidawa aliinua mkono tu, kana kwamba Zamzam anaweza kumwona.

Niliegemea ukuta, nikainua mkono juu ya kichwa changu, na vidole vikagusa lipu langu mwenyewe. Lilikuwa na unyevu. Lilikuwa mchanga. Wiki zote zile za mvuke zilikuwa zimelilainisha, na saruji yenyewe mnajua ilivyokuwa. Nikasukuma ufunguo ndani. Ukaingia wote hadi kishikio.

Nilimtazama Bwana Kahimba. Miwani yake ilikuwa nyeupe kama maziwa. Saa ameisogeza mpaka inagusa kioo cha miwani, na bado nilimsikia anahesabu kwa kubahatisha.

Nikachimba. Sikugeuka. Mkono nyuma na juu, nazungusha ufunguo, mchanga unanimwagikia kwenye kola. Tundu la kwanza lilikuwa gumu upande wa nje, halafu nikahisi kitu kinavutwa kutoka huko. Vidole. Zamzam alikuwa ameona ncha ya ufunguo inatokeza ukutani, akapanda juu ya ndoo, akaanza kubomoa kwa kucha zake. Hatukusemeshana. Mimi nasukuma, yeye anavuta. La pili likafunguka. La tatu.

Lakini hewa ilikuwa inaingia huko juu, na Bi. Kidawa amekaa huku chini, midomo imeanza kupata rangi nisiyoipenda.

"Mkubwa," nikasema, "naomba mwongozo. Mtumiaji halisi huoga amesimama. Sasa hivi amekaa. Ukaguzi hautakuja kupingwa?"

Bwana Kahimba alifikiri. Nilisikia anafikiri. "Hoja ya msingi," alisema. "Asimamishwe."

Nilimnyanyua. Alikuwa mwepesi kama kapu la nguo. Nikamgeuza uso kwenye ukuta wangu, nikampandisha juu ya kigoda mpaka mdomo wake ukafika penye matundu, nikamshikilia hapo kwa mikono yote miwili. Alivuta. Ikachukua muda. Akavuta tena, na kwa upande wa pili nikasikia Zamzam ananong'ona, "Vuta, Mama, vuta," uso wake uko pale pale, wamebakiza unene wa tofali.

Dakika tatu zilizobaki zilikuwa ndefu kuliko miaka yote ya ujumbe wangu. Nilimhesabia pumzi zake, moja moja, na kila moja niliiomba.

"Kumi," alisema Bwana Kahimba. Alifuta miwani kwa tai, akalitazama jalada, bado limeganda. "Imefaulu."

Nikafungua mlango. Zamzam alikuwa amekwishazunguka, akamchukua mama yake na kumtia ile dawa mdomoni. Vidole vyake vilikuwa vinatoka damu. Bwana Kahimba aligeuka kukagua bafu kwa mara ya mwisho, na mimi nikasimama juu ya kile kirundo cha mchanga, viatu vyangu vimekifunika chote, mkono nimeuinua kufunika matundu.

"Bafu hili lina hewa nzuri sana," alisema, akivuta pumzi kwa furaha. "Unaihisi, Mjumbe? Hiyo ndiyo tofauti ya feni."

"Naihisi, mkubwa," nikasema.

*

Lori liliondoka mtaani kwetu. Bi. Kidawa anakohoa bado, lakini anamaliza sentensi, na nyingine anazimalizia juu yangu. Kuvu limeanza kukauka. Matundu matatu ya bafu lile yamefunikwa kwa nje na sare ya shule inayokauka kwenye kamba, na kila nikipita naikuta haijakauka. Nyumba namba nane imeniomba nikaangalie lipu lao kama liko imara. Namba tatu pia. Nimekwenda na ufunguo wangu, nimeangalia, nimeandika kwenye fomu kwamba matundu yote yamezibwa kwa mujibu wa sheria. Katika nyumba zangu kumi, wote waliobaki wanapumua.

Jana tu ikaja barua kutoka kwa Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Anaipongeza nyumba namba sita kwa kuwa mfano wa taifa. Barua ina kurasa mbili, picha yake ya rangi, na lakiri kubwa kuliko zote nilizowahi kuona. Bwana Kahimba aliileta kwa mkono, amevaa suti. Akamsomea Bi. Kidawa yote, kisha akaeleza kwamba kwa kuwa barua hii sasa ni sehemu ya jalada, na jalada limebadilika uzito, ukaguzi wa tatu itabidi urudiwe Jumatatu. Mlango ufungwe, mtumiaji halisi awemo, dakika kumi.

Zamzam alikaa chini palepale barazani. Mimi nikaanza kutafuta kifungu kwenye kitabu, nikakifunga. Bi. Kidawa aliipokea barua, akaipima mkononi, akaitazama picha. Akasubiri mpaka Bwana Kahimba ametokomea.

"Hemedi mwanangu," akasema, "Jumatatu uje na tindo."

Nimeazima la Njechele, analotobolea kuta. Kwenye daftari la mjumbe nimeandika ni la kukagulia lipu.